Haki ya Mtu Ahamaye

Siku moja darasani tulikuwa tukizungumza habari za mali na wenye mali. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima, aliinuka akauliza: "Mwalimu, ikiwa mtu ana ardhi naye hailimi, haizungushii ua, wala haonekani juu yake kwa muda wa miezi sita, je, ardhi hiyo ingali yake?" Darasa karibu lote lilijibu kwa sauti moja kwamba si yake tena. Mmoja tu hakufungua kinywa. Alikuwa mtoto wa mfugaji, na mwezi ule ule ng'ombe wa baba yake walikuwa mbali na nyumbani mwendo wa siku nne, wakifuata majani. Wenzake hawakukusudia kumdhuru. Walakini kwa jibu lao walikuwa wamemnyang'anya nchi yake, wala hawakujua.

Tangu siku hiyo swali lile limekaa moyoni mwangu, na sasa nakuletea wewe, msomaji, tulipime pamoja. Ni swali la haki, na haki haipimwi kwa wingi wa sauti. Katika nchi yetu swali hili limekwisha kuhamisha watu, limejaza mahakama, tena limemwaga damu. Nawe si muda mrefu utakuwa mpiga kura, au karani wa ardhi, au mpima, au hakimu, au jirani tu wa mtu afugaye. Siku hiyo hutaweza kusema kwamba swali halikuhusu.

Tuanze na msingi. Kitu huwaje mali ya mtu? Wengine husema ni chake kwa sababu amekinunua. Wengine kwa sababu amekirithi. Wengine kwa sababu amekitolea jasho. Sababu hii ya tatu ndiyo iliyowatawala wanafunzi wangu. Jasho la mkulima huonekana. Jembe huacha alama, mche husimama juu ya tuta, na mpita njia akitazama husema, "Hapa pana mwenyewe." Jasho la mfugaji ni la namna nyingine, nalo ni gumu kuonekana, maana sehemu yake kubwa ni kujizuia. Kazi yake ni kuondoka mahali kabla mahali hapo hapajaharibika.

Fikiri juu ya mkulima mwenye maghala mawili. Akivuna hula ya ghala la kwanza, na ghala la pili hulifunga mpaka miezi ya njaa. Mpita njia akilikuta ghala la pili limefungwa, hapana moshi wala mtoto mlangoni, akasema, "Ghala hili halina mwenyewe," kisha akajitwalia mahindi, tutamwita mtu huyo nani? Yakini tutamwita mwizi. Basi malisho ya kiangazi ndiyo ghala la pili la mfugaji. Ameyafunga kwa kutokuwapo kwake. Nyasi zilizosimama bila ng'ombe wakati wa masika zinangoja siku ambayo hapatakuwa na nyasi mahali pengine.

Ili ulione jambo hili vema yafaa ukumbuke nchi yetu ilivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la Kenya ni nchi kame au nusu kame. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, hali Kericho hupata karibu mara kumi ya kiasi hicho. Tena uchache wa mvua si taabu ya pekee. Mvua ya nyikani haina ahadi. Wingu huweza kunyesha upande huu wa kilima likauacha upande wa pili mkavu, na mwaka ujao likafanya kinyume chake. Mahali palipobarikiwa majani huchipua upesi, na yakiwa machanga huwa na nguvu nyingi kwa mnyama. Baada ya majuma machache hukauka yakawa kama makuti. Mtu akaaye mahali pamoja katika nchi kama hiyo humngojea mungu wa bahati nasibu. Mtu ahamaye huikusanya bahati iliyotawanyika. Kwa hiyo wanaomwita mfugaji mzururaji wamelitafsiri vibaya jambo waliloliona kwa macho yao wenyewe. Asiyekujua hakuthamini.

Wala kuhama huko hakukosi sheria. Waborana wa Isiolo huigawa nchi yao katika sehemu ziitwazo dheda, na kila dheda ina baraza la wazee. Wazee hao ndio waamuao malisho yapi yatumike mvua inaponyesha, yapi yangoje kiangazi, na yapi yasiguswe mpaka uje ukame mkali. Visima vyao virefu vina msimamizi wa zamu, ambaye hupanga kundi lipi linywe kwanza na lipi lisubiri. Mgeni hanyimwi maji, lakini huja kuomba kwanza. Wamasai hutenga karibu na boma malisho ya ndama na wanyama wagonjwa, wala ng'ombe wenye nguvu hawaingizwi humo. Huko Turkana, kandokando ya mito kama Turkwel, jamaa huwa na haki juu ya miti fulani ya migunga, na matunda yake yaangukayo kiangazi ni chakula cha mbuzi wa jamaa hiyo. Mtu mwingine hapukutishi mti huo bila ruhusa. Haya yote hayakuandikwa katika daftari la serikali. Yaliandikwa katika kumbukumbu za watu, na aliyeyavunja aliitwa barazani akalipa.

Sasa tutazame lililotokea wakati watu wenye macho ya namna nyingine walipoifikia nchi hiyo. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliwaua ng'ombe wengi mno wa Afrika Mashariki, na ndui ikawaua watu. Wamasai walidhoofika, na sehemu za Bonde la Ufa zilizokuwa zimejaa makundi zikabaki kimya. Reli ilipofika, waliokuja nayo wakatazama wakasema kwamba nchi ni tupu. Mgonjwa akilazwa hospitalini nyumba yake haigeuki kiwanja kisicho na mwenyewe. Walakini nchi ya Wamasai ilihesabiwa hivyo.

Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na wakuu wa Wamasai, Olonana akiwa mmoja wao. Kwa mapatano hayo waliondolewa katika malisho mazuri ya Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili: moja Laikipia, upande wa kaskazini, na nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao maadamu Wamasai wangaliko duniani. Wamasai wangaliko hata leo, lakini ahadi ilidumu miaka 7 tu. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano ya pili, na wale wa Laikipia wakahamishiwa kusini pamoja na makundi yao, wakapoteza wanyama na watu njiani. Waliopinga, wakiongozwa na Ole Gilisho, hawakushika mikuki. Walishika njia ya mahakama. Mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Mahakama ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kama ule wa dola na dola, na kwa hiyo hayakuwa jambo la kuamuliwa na mahakama ile.

Litafakari hilo kidogo, msomaji. Siku ya kutia alama juu ya karatasi Wamasai walihesabiwa kuwa taifa lenye uwezo wa kuitoa nchi. Siku ya kudai walichoahidiwa, utaifa huo huo ukawa sababu ya kutosikilizwa. Mtu aliyepotezwa kwa mtutu wa bunduki hujua kwamba ameonewa. Mtu aliyepotezwa kwa hoja nzuri huweza kuambiwa kwamba hakuna aliyemwonea. Ndiyo maana vijana hufunzwa kupima hoja, wasije wakaidhulumu haki kwa ufasaha.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila aliyepinga desturi ya malisho ya pamoja alikuwa mtu mwovu. Ziko hoja mbili dhidi ya wafugaji zinazostahili jibu la heshima.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mali ya wote ni mali ya mtu asiyekuwapo. Mwezi wa Desemba 1968 mtaalamu wa Marekani, Garrett Hardin, aliieleza hoja hiyo katika makala iliyosomwa dunia nzima. Alitaka tufikiri juu ya uwanja wa malisho ulio wazi kwa kila mtu. Kila mchungaji aonaye faida huongeza ng'ombe mmoja. Faida ya ng'ombe huyo ni yake peke yake, lakini hasara ya majani yaliyoliwa hugawanywa kwa wote. Hivyo kila mmoja huongeza, na kuongeza, mpaka uwanja wote ukawa vumbi. Ni hoja yenye nguvu, na mtu anayeicheka hajaielewa.

Lakini itazame tena. Uwanja alioueleza hauna wazee, hauna zamu, hauna faini, wala hauna mtu wa kusema "bado". Hiyo si dheda ya Waborana. Baadaye Hardin mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akisema juu ya mali ya pamoja isiyo na usimamizi. Naye Elinor Ostrom, mwanamke wa nchi hiyo hiyo ya Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha jamii za Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino zilizotunza malisho, misitu na mifereji ya pamoja kwa karne nyingi. Aliona kwamba mali ya pamoja hudumu pale ambapo wenyewe wanajulikana, masharti yanajulikana, na mwenye kuyavunja hutozwa. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wazee wa Isiolo hawakupata tuzo, lakini walikuwa wakiifanya kazi hiyo kabla kitabu hakijaandikwa.

Mwaka ule ule wa 1968 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya ranchi za pamoja. Nia yake haikuwa mbaya: kila kundi la wafugaji lipate hati ya eneo lake, liweze kukopa, kuchimba malambo na kujenga majosho. Tatizo lilikuwa mpaka. Ukame hausomi hati, na kundi lililofungiwa ndani ya ranchi isiyopata mvua lililazimika kutoka nje yake kama zamani. Tena uongozi wa baadhi ya ranchi uliwanufaisha wachache. Ndipo watu wengi, hasa huko Kajiado, walipotaka ranchi zigawanywe, kila mtu apate kipande chake.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Aliyepewa hati yake mwenyewe alipata kinga dhidi ya mzee mlafi. Wako waliosomesha watoto kwa mkopo wa hati hiyo, na labda wewe usomaye ni mmoja wa watoto hao. Hapana haki ya kuwalaumu. Lakini fanya hesabu. Chukua ndugu kumi wenye ekari 1,000 kwa pamoja. Mvua ikinyesha juu ya ekari 100 tu, wote kumi hula kidogo kidogo wakavuka mwaka. Wagawie kila mmoja ekari 100 na uzio wa seng'enge: mvua ile ile itamnenepesha mmoja na kuwafilisi tisa. Ardhi haikupungua hata hatua moja. Kilichopotea ni njia ya kutoka kipande hiki kwenda kile. Katika tambarare za Kitengela, karibu na Nairobi, nyua na nyumba zimeifunga njia hiyo kwa ng'ombe na kwa nyumbu pia, na wengi waliouza vipande vyao wamebaki na fedha zilizokwisha na mji uliowazunguka.

Kutokana na hesabu hiyo napata jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Haki ya mkulima aghalabu hukaa ndani ya mpaka. Haki ya mfugaji hukaa katika uhusiano wa mahali na mahali: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, kisima, chumvi, na njia inayoviunganisha. Waweza kumwachia malisho yake yote ukaifunga njia, ukawa umemnyang'anya kila kitu. Kwa sababu hiyo kumpa mfugaji kipande kidogo na kumwambia, "Sasa umetendewa sawa na mkulima," si usawa. Ni sawa na kuwagawia mvuvi na mwashi nyundo moja moja, ukajisifu kwamba hukupendelea.

Hoja ya pili yasema kwamba taifa lina haja zake, na haja ya wengi hutangulia haja ya wachache. Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulishauri kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza penye ardhi nzuri, mvua na watu walio tayari, maana ndipo zitakapozaa upesi. Kisha mazao yake yaenee kwa wengine. Nchi ilikuwa changa na fukara, na hoja ilionekana ya busara. Walakini matunda yaliyoahidiwa kuenea yalichelewa. Barabara ya lami, shule na hospitali zilifika kaskazini baada ya miaka mingi mno, na baadaye watu wa huko wakaulizwa kwa nini wako nyuma.

Haja ya taifa si neno tupu. Hifadhi za wanyama, umeme na barabara ni mema ya wote. Lakini swali la haki lina sehemu mbili: ni nini kinachopatikana, na ni nani anayelipa. Katika miaka ya 1970 Waendorois, wafugaji wa kando ya Ziwa Bogoria, waliondolewa katika nchi yao ili pawe hifadhi. Walinyimwa malisho, chumvi ya mifugo, na mahali walipofanyia ibada zao. Kesi yao ilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume hiyo, uliotangazwa mwaka 2010, ulisema kwamba Kenya ilikuwa imewavunjia haki zao, na ukashauri warudishiwe ardhi yao ya asili na kulipwa fidia. Jambo kubwa katika uamuzi huo ni hili: kukosa hati hakukumaanisha kukosa haki. Miaka mingi imepita tangu hapo, na utekelezaji umekwenda polepole sana. Hapo pana somo jingine: hukumu nzuri bila mkono wa kuitimiza ni kama mvua iliyoonekana kwa mbali.

Ikiwa taifa linahitaji nchi ya mtu, na limwite mezani kabla ya kukata shauri. Limwonyeshe hasara pamoja na faida, limsikilize hata akisema hapana, na likichukua kwa njia ya sheria, limlipe kwa kipimo cha alichopoteza. Kumwita baada ya uzio kusimama ni kumkaribisha mgeni kwenye sahani iliyokwisha kulambwa.

Nimesema mengi juu ya haki za mfugaji. Ningekuwa mwalimu mbaya kama nisingesema juu ya wajibu wake, maana haki na wajibu ni kama mwiko na chungu. Katika delta ya Mto Tana huishi Wapokomo, walimao ukingoni, na Waorma, wafugao katika nchi iliyo nyuma ya mto. Mto ni mmoja. Kiangazi kikifika mkulima ana mimea karibu na maji, na mfugaji ana kundi lenye kiu. Tangu zamani palikuwa na njia za kuyafikia maji, ziitwazo malka, nazo zilikuwa kama mlango wa pamoja wa nyumba mbili. Mashamba yakizidi kukua njia huzibwa, na mifugo ikizidi kuja mimea hukanyagwa. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 ugomvi wa huko, ukichochewa pia na siasa, uliwaua watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo.

Nani alikuwa na haki pale mtoni? Nadhani wote wawili walikuwa nayo, na hili ndilo linalotisha. Mkulima alikuwa na haki ya jasho lake, na mfugaji alikuwa na haki ya njia yake. Ubaya wa dunia aghalabu hutokana na haki kupigana na dhuluma, lakini msiba mkubwa zaidi ni haki kupigana na haki pasipo na mwamuzi wa kuaminika. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Kwa hiyo mfugaji aliyeingiza ng'ombe usiku katika shamba la mwenziwe asijifiche nyuma ya historia ya mwaka 1904. Aliyeonewa na baba hana ruhusa ya kumwonea jirani. Naye aliyeiba mifugo kwa bunduki asiuite wizi wake mila.

Kuna wajibu mwingine ndani ya boma lenyewe. Jamii iliyodai haki mbele ya taifa yafaa itazame ni nani inayemnyima haki nyumbani. Mara nyingi ranchi zilipogawanywa, majina ya wajane na mabinti hayakuandikwa. Mwanamke aliyekamua, aliyechota maji na kujenga nyumba, alijikuta mgeni juu ya ardhi aliyoitumikia. Hoja aliyopewa yafanana sana na ile waliyopewa Wamasai: huonekani katika daftari, basi hukuwapo.

Sheria zetu za leo zimekwisha kufungua mlango. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 2010 yaitambua ardhi ya jamii kuwa namna kamili ya umiliki, nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaeleza jinsi ya kuiandikisha. Jamii huandika majina ya watu wake, hufanya baraza la watu wazima wote, na huchagua kamati. Ardhi haiwezi kuuzwa wala kutolewa mpaka thuluthi mbili ya watu hao wakubali. Jamii yaweza kuweka masharti juu ya idadi ya mifugo na zamu za malisho, kama wazee walivyofanya zamani. Ubaguzi kwa sababu ya jinsia umekatazwa. Mpaka ardhi iandikishwe, serikali ya kaunti huishika kwa amana tu.

Mlango uliofunguliwa, hata hivyo, haumwingizi mtu kwa nguvu. Uandikishaji umekwenda kwa mwendo wa kobe. Yataka ramani, yataka kukubaliana na jirani mpaka uko wapi, yataka mtu wa kusoma karatasi na kuzieleza kwa lugha ya mama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe likiandikwa bila hekima laweza kuwa seng'enge mpya: jamii mbili zilizokuwa zikipeana maji wakati wa ukame zikaanza kuonyeshana hati. Kwa hiyo pamoja na mipaka yafaa ziandikwe pia njia za mifugo na mapatano ya kupokeana, ili karatasi ihifadhi ukarimu uliokuwamo katika desturi.

Wala hatuna muda wa kupoteza. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Nyakati kama hizo ndipo njia iliyo wazi inapopima thamani yake. Mtu mwenye pa kwenda hupoteza sehemu ya kundi. Asiye na pa kwenda huzika kundi lote, na pamoja nalo karo ya mtoto, mahari ya kijana na heshima ya mzee.

Msomaji, ikiwa umezaliwa katika boma, usione haya kwa asili yako wala usijivune kupita kiasi. Soma sheria niliyoitaja, rudi nayo nyumbani, wasomee wazee barazani, nawe uwaulize majina ya malisho kabla hayajasahauliwa. Elimu yako na kumbukumbu zao zikikutana, ardhi itapata mashahidi wawili. Na ikiwa umezaliwa shambani, jizoeze kutazama mara mbili. Utakapopita katika gari ukaona mbuga pana isiyo na mtu, usiseme upesi kwamba hapana mwenyewe. Uliza ni mwezi gani, mvua ilinyesha wapi, na nani anayetazamiwa kurudi.

Yule mwanafunzi aliyenyamaza darasani sikumlazimisha aseme siku ile. Juma lililofuata nilimwomba aje mbele achore ubaoni safari ya ng'ombe wa baba yake kwa mwaka mzima. Alichora mito, vilima, visima na njia, akaandika jina la kila mahali na mwezi wake. Ubao ulijaa. Mwenzake aliyeuliza swali la kwanza aliutazama kwa muda, kisha akauliza jingine: "Na hapa tulipo, ni malisho ya mwezi gani?" Naliona swali hilo la pili kuwa mwanzo wa haki, kwa sababu alikuwa ameanza kuona alichokuwa hakioni. Nawe ukilichukua swali hilo popote uendapo, usome nchi kabla ya kuihukumu, kazi ya insha hii itakuwa imetimia.